Stroberi na Mbegu Zake: Mwongozo kwa Kaya Zinazozungumza Kiswahili

Somo hili linahusu nini

Kila mwaka, majira ya joto yakikaribia, masoko na maduka ya London hujaa stroberi. Nyingi hutoka Kent, jirani na jiji, na mashindano ya tenisi ya Wimbledon yanapofanyika, watazamaji huzila kwa malai kama desturi. Kwa kaya nyingi zinazozungumza Kiswahili, tunda hili ni geni. Wapo waliolizoea katika nyanda zenye baridi kama Limuru nchini Kenya, lakini aliyekulia Mombasa, Unguja, Kigoma au Bukavu huenda alilijua kwanza kwa picha yake kwenye kopo la mtindi.

Kisicho kigeni ni hofu ya mbegu. Watoto wengi wa Afrika Mashariki walipokuwa wakila mapera waliambiwa kwamba mbegu zake zitajaa kwenye kidole tumbo, na aliyemeza kokwa ya chungwa aliambiwa mchungwa utamwota tumboni. Hofu hiyo husafiri na watu. Ikifika London hukutana na tunda lililotapakaa mbegu nje, pande zote.

Somo hili lina jambo moja la kueleza. Kwa mtu mwenye afya ya kawaida, mbegu za stroberi hazina madhara. Hatari za kweli ni tatu, na zote ziko kwingine: vijidudu katika tunda lisilooshwa, tunda zima kinywani mwa mtoto mdogo, na mzio. Kaya inayoelekeza tahadhari yake yote kwenye mbegu yaweza kuzisahau hizo tatu.

Mfano wa kufikiria

Bibi amekuja kutoka Tanga kumtembelea mwanawe anayeishi Barking, mashariki ya London. Mchana mmoja anafungua kisanduku cha stroberi, anachukua kisu kidogo, na kwa subira kubwa anakwangua mbegu, moja baada ya moja. Akimaliza, anampa mjukuu wake wa miaka miwili tunda zima. Halijaoshwa wala halijakatwa.

Mkwewe anaketi karibu naye na kusema kwa adabu, "Mama, naomba tuzioshe kwanza, kisha tuzikate vipande. Mbegu tuziache, hazina neno."

Bibi anamjibu, "Haya, mwanangu. Lakini zikimwingia kwenye kidole tumbo, usije ukanilaumu."

Bibi huyu si mzembe. Amefanya kazi ya robo saa ili kumlinda mjukuu. Kasoro ni kwamba kazi hiyo imeelekezwa pasipo na hatari, na penye hatari hapakuguswa. Jibu analostahili si kicheko bali maelezo, na maelezo yenyewe ndiyo haya yafuatayo.

Mbegu hizo ni nini

Nukta ndogo za rangi ya manjano zinazoonekana juu ya stroberi huitwa mbegu na kila mtu. Kwa wataalamu wa mimea, kila nukta ni tunda dogo kavu lenye mbegu ndani yake, na ile nyama nyekundu ni sehemu ya ua iliyovimba. Stroberi moja ya kawaida huwa na nukta zipatazo 200. Mtu akila saba amemeza zaidi ya elfu moja bila ya kuhisi.

Ganda la mbegu hizi ni gumu, na tumbo la mwanadamu haliwezi kulivunja vyema. Kwa hiyo nyingi hupita katika utumbo na kutoka kama zilivyoingia. Hazioti, kwa kuwa mmea huhitaji mwanga, hewa na udongo. Njiani huungana na nyuzinyuzi nyingine za chakula, ambazo husaidia choo kuwa laini na kutoka kwa wepesi.

Mzazi anayebadilisha nepi asishtuke akiona chembe ndogo za manjano au kahawia katika choo cha mtoto aliyekula stroberi. Hizo ni mbegu, wala si minyoo. Minyoo ya kawaida ya watoto nchini Uingereza huonekana kama vipande vya uzi mweupe, nayo hujongea. Ikionekana, mfamasia wa duka la dawa la karibu anaweza kueleza la kufanya.

Mbegu na kidole tumbo

Kidole tumbo ni mrija mwembamba uliofungwa upande mmoja, unaoning'inia mwanzoni mwa utumbo mpana, upande wa kulia wa tumbo. Huvimba aghalabu pale mlango wake unapozibwa, kwa mfano na choo kilichokauka, au uvimbe ufuatao maambukizi. Mbegu ya tunda kukutwa humo kama chanzo cha ugonjwa ni jambo la nadra sana. Anayekula matunda yenye mbegu hana sababu ya kuishi kwa wasiwasi.

La muhimu zaidi ni kuzijua dalili, kwa kuwa ugonjwa huu humpata hata asiyewahi kuonja stroberi. Maumivu huanza katikati ya tumbo, yakija na kuondoka. Baada ya saa chache huhamia chini upande wa kulia na kuwa makali ya kudumu, na huzidi mgonjwa akikohoa au akitembea. Hamu ya chakula hupotea, na huenda kukawa na kichefuchefu, kutapika au homa. Mtu wa namna hii asikandwe tumbo, asipewe dawa ya kuharisha, wala asisubiri hadi kesho. Kidole tumbo kikipasuka, uhai huwa hatarini.

Ushauri wa zamani uliobadilika

Si wazee wa Afrika Mashariki peke yao waliozihofia mbegu. Kwa miaka mingi madaktari wa Ulaya na Marekani waliwakataza karanga, bisi na matunda yenye mbegu wagonjwa wenye vifuko vidogo katika ukuta wa utumbo mpana, hali inayowapata zaidi watu wa umri mkubwa. Ilidhaniwa kwamba mbegu zingenasa humo na kuleta uvimbe.

Dhana hiyo ilipochunguzwa haikuthibitika. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2008 uliwafuatilia wanaume zaidi ya 47,000 kwa miaka 18, na haukuona kwamba walaji wa karanga, mahindi na bisi waliugua zaidi kuliko wengine. Mwaka 2019 taasisi ya NICE, inayotoa miongozo ya matibabu nchini Uingereza, iliagiza wagonjwa wenye vifuko hivyo waambiwe kwamba hawana haja ya kuepuka mbegu, karanga, bisi wala maganda ya matunda. Mzee aliyekatazwa miaka 20 iliyopita anaweza kumuuliza daktari wake kama katazo lile bado lina maana.

Wanaopaswa kusubiri

Wapo watu wachache ambao kwao mbegu zinahitaji mashauriano. Anayejiandaa kwa uchunguzi wa utumbo mpana kwa kamera huagizwa kuacha vyakula vyenye mbegu na nyuzinyuzi kwa siku kadhaa, ili daktari aone vizuri. Aliyefanyiwa upasuaji wa utumbo hivi karibuni, au aliyeambiwa kwamba utumbo wake una sehemu nyembamba, naye afuate maagizo ya hospitali yake. Hao wasitumie somo hili kuvunja agizo walilopewa.

Vilevile, si mbegu zote zinazofanana na za stroberi. Kila aliyekulia karibu na shamba la mihogo anajua kwamba muhogo mchungu usipolowekwa na kupikwa ipasavyo huwa na sumu. Sumu ya aina hiyohiyo hupatikana katika kiini kilicho ndani ya kokwa za aprikoti, na viini vichungu vyake vimeuzwa madukani kwa madai ya kuwa dawa. Hivyo visiliwe. Mbegu za stroberi hazimo katika kundi hilo.

Hatari ya kwanza: tunda lisilooshwa

Stroberi hukua karibu na ardhi, huchumwa kwa mikono, haimenywi, na mara nyingi huliwa mbichi. Kwa sababu hizo nne, kilichogusa ngozi yake hufika kinywani. Udongo, kinyesi cha ndege na mikono ya mgonjwa vyaweza kuacha vijidudu visivyoonekana. Mwaka 2012, mashariki ya Ujerumani, watu wapatao 11,000, wengi wao wanafunzi, waliharisha na kutapika baada ya kula chakula kilichotengenezwa kwa stroberi zilizogandishwa zenye virusi.

Kinga yenyewe ni nyepesi:

1. Mikono ioshwe kwa sabuni na maji kwa sekunde 20 kabla ya kuligusa tunda.

2. Stroberi zilizooza au zenye ukungu ziondolewe na kutupwa. Tunda hili ni laini, na ukungu huweza kupenya ndani zaidi ya unavyoonekana, kwa hiyo haitoshi kukata upande mmoja.

3. Zinazobaki zioshwe chini ya maji ya bomba yanayotiririka, zikiwa bado na vikonyo vyake, huku zikisuguliwa taratibu kwa vidole. Baada ya hapo ndipo vikonyo na majani vitolewe.

4. Zioshwe wakati wa kuliwa, si wakati wa kuletwa nyumbani, kwani unyevu huharakisha ukungu. Kabla ya hapo zikae ndani ya friji yenye nyuzi 5 za selsiasi au chini yake.

5. Ubao na kisu vilivyokata nyama mbichi au kuku visitumike kwa matunda mpaka vioshwe kwa maji ya moto na sabuni.

Maji ya bomba ya London ni salama kwa kunywa, hivyo hayahitaji kuchemshwa kabla ya kuosha matunda. Sabuni ya vyombo na maji ya klorini ya kufulia visitumike kamwe, maana tunda huvinyonya. Stroberi za kugandisha zitumiwe kwa kufuata maelezo ya pakiti, na zikiandikwa kwamba lazima zipikwe, zipikwe. Anayeharisha au kutapika asiwaandalie wengine chakula mpaka zipite saa 48 tangu dalili zikome.

Familia zinazokwenda mashamba ya kuchuma matunda kwa mikono yao, ambayo yako mengi pembezoni mwa jiji, zichukue chupa ya maji safi ya kusuuzia matunda ambayo watoto hawataweza kuyangojea hadi nyumbani. Mikono iliyoshika udongo au wanyama ioshwe kwanza. Jeli ya mikononi haiondoi matope.

Hatari ya pili: tunda zima na mtoto mdogo

Mtoto aanzapo vyakula vingine akiwa na umri wa miezi 6 hivi anaweza kupewa stroberi. Ila koo lake ni jembamba, na tunda laini la mviringo laweza kuliziba kama kizibo kizibavyo chupa. Mwongozo wa NHS unataka matunda ya namna hiyo, zikiwemo stroberi, zabibu na nyanya ndogo, yakatwe vipande vidogo. Kwa mtoto mchanga anayeanza, stroberi yaweza pia kupondwa. Mbegu ziachwe mahali pake.

Mtoto ale akiwa ameketi wima, asile akikimbia, akicheka kwa nguvu au akiwa amefungwa kwenye kiti cha gari, na mtu mzima asimwache peke yake. Stroberi zisichanganywe na asali kwa mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja, kwani asali yaweza kumletea sumu adimu lakini hatari. Sukari nayo haihitajiki.

Mtoto akipaliwa lakini anakohoa kwa sauti, ahimizwe aendelee kukohoa. Akishindwa kukohoa, kulia au kupumua, msaada uanze mara moja na mwingine apige 999:

Aliye chini ya mwaka mmoja alazwe kifudifudi juu ya paja, kichwa kikiwa chini kuliko mwili na kikiwa kimeshikwa vizuri. Apigwe kwa kiganja kati ya mabega, hadi mara 5. Kikibaki, ageuzwe chali na asukumwe katikati ya kifua, hadi mara 5. Mtoto wa umri huu asiminywe tumbo kamwe.

Aliyezidi mwaka mmoja ainamishwe mbele na apigwe kati ya mabega hadi mara 5. Kikibaki, mtu mzima asimame au apige magoti nyuma yake, aweke ngumi kati ya kitovu na kifua, na avute ndani kuelekea juu hadi mara 5. Aliyefanyiwa hivyo apelekwe kuonwa na daktari, hata kama ameshapata nafuu.

Hatua hizi zirudiwe mpaka kitu kitoke au wahudumu wafike. Kidole kisiingizwe kooni kwa kubahatisha, kwani chaweza kukisukuma kitu ndani zaidi. Vituo vingi vya jamii hufundisha huduma ya kwanza kwa wazazi, na saa mbili za mafunzo hayo hazipotei bure.

Hatari ya tatu: mzio

Wekundu kidogo kuzunguka midomo ya mtoto mara nyingi huletwa na ukali wa maji ya tunda kwenye ngozi laini, nao huondoka baada ya muda mfupi. Mzio ni kitu kingine. Hujitokeza kwa vipele vinavyowasha, uvimbe wa midomo au macho, au kutapika mara baada ya kula. Anayeona dalili hizo asimpe mtoto tunda hilo tena kabla ya kuzungumza na daktari.

Watu wazima nao huweza kushangazwa. Aliyehamia Ulaya na baada ya miaka michache akaanza kuwashwa macho na kutokwa makamasi kila majira ya machipuko, huenda amepata mzio wa chavua za miti, hasa mti wa betula. Baadhi ya watu hao huwashwa kinywa wanapokula matunda mabichi kama tufaha na stroberi, ilhali yakipikwa hawadhuriki. Jambo hilo nalo afadhali lielezwe kwa daktari.

Ni vyema pia kujua kwamba sheria ya Uingereza inawataka wauza vyakula kutaja viambato 14 vinavyoleta mzio, na stroberi haimo katika orodha hiyo. Mwenye mzio wa stroberi asome orodha yote ya viambato, na mkahawani aulize kila mara.

Ulimi au koo likivimba, pumzi ikiwa ngumu, au mtu akilegea ghafla, hiyo ni dharura. Mwenye sindano ya adrenalini aliyoandikiwa aitumie, 999 ipigwe, na mgonjwa alazwe, au aketishwe akishindwa kupumua. Asisimamishwe wala asitembezwe.

Kwa nini tunda hili lisiachwe

Tahadhari hizi zisimfanye mtu aziepuke stroberi. Stroberi saba, yaani gramu 80, ni fungu moja kati ya mafungu matano ya matunda na mboga ambayo NHS inashauri kila mtu ale kwa siku. Fungu hilo peke yake lina takriban miligramu 45 za vitamini C, na mtu mzima anahitaji 40 tu. Sukari yake ni ndogo kuliko ya embe au ndizi, jambo linalowafaa wenye kisukari wanaochunga vipimo. Mama mjamzito anaweza kuzila bila shaka, maadamu zimeoshwa.

Bei isipokuwa rafiki, za kugandisha nazo huhesabiwa sawasawa. Wajawazito na wenye watoto wa chini ya miaka minne, ambao kipato chao kinakidhi masharti, wanaweza kuomba kadi ya Healthy Start, ambayo hununua maziwa na matunda, yawe mabichi au ya kugandishwa.

Pa kupata msaada

Kwa dharura ya kupumua au kupoteza fahamu, ni 999. Kwa maumivu ya tumbo yanayohama na kuzidi, ni kitengo cha dharura cha hospitali, kijulikanacho kama A&E, au 111 kwa ushauri wa haraka. Namba zote mbili hazina malipo, na anayepiga 111 anaweza kuomba mkalimani wa Kiswahili.

Wapo wanaochelewa kwa kuogopa gharama au maswali ya kibali. Matibabu yanayotolewa ndani ya A&E hayatozwi malipo kwa mtu yeyote. Akilazwa wodini, hali ya ukaazi wake yaweza kuamua kama atadaiwa baadaye, lakini matibabu ya lazima na ya haraka hayapaswi kukataliwa wala kucheleweshwa kwa sababu ya fedha. Kujiandikisha kwa daktari wa familia ni bure, na kukosa hati ya makazi au ya uhamiaji si sababu ya kukataliwa.

Maswali ya kuzungumza nyumbani

1. Katika kaya hii, ni mbegu zipi watoto walikatazwa kumeza, na walipewa sababu gani?

2. Mtoto wa miaka miwili akipewa stroberi, yapaswa kufanywa mambo gani mawili kabla haijafika mkononi mwake?

3. Nani nyumbani anajua la kufanya mtoto akipaliwa, na nani bado hajajifunza?

4. Maumivu ya kidole tumbo huanzia wapi, na huhamia wapi?

Yule bibi wa Barking akishasomewa haya, kisu chake hakiwekwi kando. Sasa kina kazi nyingine: baada ya maji ya bomba, kukata kila tunda vipande vidogo kwa ajili ya mjukuu. Subira ni ileile, na safari hii inamlinda.